Je, wajua kwa nini deni la kadi halishuki ilhali jina lako CRB ni safi?

Mfanyakazi wa mapokezi katika hoteli ya Nyali, Mombasa, anaweza kulipia kadi yake ya mkopo kila mwezi kwa miaka mitatu, asichelewe hata siku moja. Anaomba ripoti yake CRB, yaani kampuni zinazokusanya taarifa za mikopo ya watu: jina safi. Anafungua taarifa ya akaunti ya benki, zaidi ya nusu ya deni bado ipo, na tangu hapo hajanunua hata soksi kwa kadi ile. Wa kwanza kulaumiwa ni benki, kwamba imemwibia. Haikumwibia. CRB huuliza swali moja: je, ulilipa ulichotakiwa kulipa, na kwa tarehe yake? Benki nayo huhesabu kitu kingine, yaani kiasi kilichobaki na riba yake. Mtu huweza kulijibu vizuri sana swali la kwanza huku la pili likimla.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kadi ina deni la Sh100,000, riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na kima cha chini cha kulipa ni asilimia 5 ya deni lililopo. Mwezi wa kwanza unalipa Sh5,000. Riba peke yake inachukua Sh3,500, kwa hiyo deni lenyewe limepungua kwa Sh1,500 tu. Mwezi wa pili deni ni Sh98,500, na kima cha chini nacho kinashuka hadi Sh4,925. Unaona unafuu. Hapo ndipo mtego ulipo: kila deni linapopungua kidogo, benki inakuomba kidogo zaidi, nawe unalipa kidogo zaidi. Ukifuata kima hicho tu, utafika mwezi wa 46 ukiwa umelipa takriban Sh167,000, na bado unadaiwa kama Sh50,000. Ni kufua maji kwenye dau ambalo ufa wake haujazibwa.

Sasa badilisha jambo moja tu. Usiongeze hata shilingi. Endelea kulipa zile Sh5,000 za mwezi wa kwanza, hata taarifa ya benki ikikuomba Sh4,000 au Sh3,000. Deni lote linakwisha kwa miezi 35. Ukiweza Sh10,000 kwa mwezi, ni miezi 13, na riba yote ni kama Sh25,000. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kipimo cha dawa hawakukitaja, na benki imekichagua kwa niaba yako.

Mambo mawili hufanya ufa uwe mpana zaidi. La kwanza ni kutoa pesa taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Ununuzi wa dukani huwa na siku za neema, mara nyingi hadi 50 hivi, ukilipa deni lote kwa wakati. Pesa taslimu kwa kawaida hazina neema hiyo: riba huanza siku ile ile, pamoja na ada ya kutoa. La pili ni kwamba ukishaacha salio lisilolipwa, benki nyingi huondoa neema hata kwa manunuzi mapya. Kwa hiyo anayepunguza deni na huku bado anajaza mafuta kwa kadi ile ile anajipiga mwenyewe.

Turudi kwa jina. Kenya ina kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kukusanya taarifa za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zamani waliokuwa wakiripotiwa ni wadaiwa sugu tu, lakini tangu kanuni za 2013 benki hupeleka habari nzuri pia, kwamba fulani amelipa na kwa wakati. Habari hizo ndizo hugeuzwa kuwa alama. Metropol, kwa mfano, hupima kutoka 200 hadi 900. Mkopo ukipitisha siku 90 bila malipo huhesabiwa kuwa umekwama, na kabla ya kukuorodhesha vibaya mkopeshaji anatakiwa akupe ilani ya siku 30. Kanuni za 2020 ziliongeza kwamba deni lililo chini ya Sh1,000 halipaswi kumchafulia mtu jina. Na kubwa kuliko yote, ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: ukishachafuka, kulipa hakufuti. Rekodi hubadilika kuwa “limelipwa”, lakini historia ya kukwama hubaki miaka 5 tangu siku ulipolimaliza.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Tarehe kwanza, ukubwa baadaye. Kima cha chini cha kila mkopo kilipwe kabla ya tarehe yake, ikiwezekana benki ikikate yenyewe siku mshahara unapoingia. Kikishalipwa, kila shilingi ya ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, hata kama si deni kubwa zaidi.

Mombasa hili lina ugumu wake. Pato la watu wengi hapa hufuata msimu. Desemba hoteli za Nyali na Shanzu hujaa, bakshishi zinapatikana, tuktuk hazipumziki. Ikifika Aprili masika yanaanza, wageni wanapungua, na baadhi ya wafanyakazi wanapewa likizo bila malipo hadi msimu urudi. Kadi haijui masika. Anayeishi kwa msimu afaa alipe zaidi Desemba na Januari, kisha aende benki mwezi Machi, angali analipa vizuri, aombe mpango mpya. Akienda Juni na miezi miwili imeshapita bila malipo, anazungumza na idara nyingine kabisa, na lugha yao ni nyingine.

Wengi badala yake hukimbilia simu. Anafuliza, yaani anachukua mkopo wa M-Pesa uitwao Fuliza, ili alipe kadi, anachukua mkopo wa programu ili alipe Fuliza, na kila mkopo mpya una ada yake, tarehe yake na mstari wake kwenye ripoti. Deni moja la kadi limekuwa tarehe tatu za kukosea. Afadhali umkope shemeji.

Ukisoma ushauri wa Marekani mtandaoni, jua kwamba unazungumzia FICO, kipimo chao cha 300 hadi 850. Huko historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo cha kadi, asilimia 30. Ndiyo maana wao huambiana wasifunge kadi waliyomaliza kuilipa: kikomo kikiondoka, deni lililobaki kwenye kadi nyingine huonekana kubwa zaidi. Asilimia hizo si za CRB za Kenya, usizinakili. Na hata kama hoja ile ingefaa hapa, kwa mtu ambaye kadi humshinda kila Ijumaa jioni, mimi ningesema aifunge. Alama hurudi, pesa ya riba hairudi.

Wapo pia wanaoepuka riba kwa sababu ya dini, na mji huu una benki za Kiislamu tangu Gulf African ilipofungua milango 2008. Huko mkataba ni mwingine, lakini nazo zina leseni ya Benki Kuu, na malipo yaliyokwama huko yanafika CRB vilevile.

Na aliyekwama tayari? Ana kinga moja ambayo mabenki hayaitangazi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinasema kwamba tangu mkopo uhesabiwe kuwa umekwama, riba inayoongezwa haiwezi kupita deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Waliodaiwa Sh80,000 wakaletewa bili ya Sh300,000 wana haki ya kuuliza hesabu hiyo imetoka wapi, bila kusahau kwamba gharama za kufuatilia deni huhesabiwa kando.

Siku unapolipa shilingi ya mwisho, usiondoke benki bila barua inayosema deni limekwisha. Subiri mwezi mmoja, kisha omba ripoti. Moja kwa mwaka ni bure. Iombe kwa kampuni zote tatu, maana moja inaweza kuwa imepata habari na nyingine bado, na mkopeshaji wako ajaye ataangalia ile anayoitumia yeye.