Tairi za theluji si tairi za mvua

Baadhi ya magari yaliyotumika Japani hufika hapa Kisumu yakiwa bado na tairi za theluji, na mwenye gari hufurahi: "Meno yamechimbwa hivi, tope la masika litanijua!" Amekosea.

Mpira wa tairi hizi umechanganywa uwe laini ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kisumu mchana hugonga nyuzi 30, na lami huwa moto zaidi. Hapo mpira hulegea, gari huyumba kwenye kona, breki huhitaji mita zaidi kulisimamisha, na meno hulika upesi. Hata baridi ya asubuhi ya Nakuru haitoshi kuzifaa.

Chuchumaa utazame ubavu wa tairi. Ukiona mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani, huenda ndiyo hiyo; ukiona neno STUDLESS, ndiyo hiyo hasa. Meno yenyewe yamekatwakatwa mistari myembamba, utadhani sukuma wiki iliyopitiwa na kisu kikali.

Na zile video za Wajerumani wakibadilisha tairi wenyewe nyumbani zisikudanganye. Wengi wana seti mbili, ya baridi na ya kiangazi, kila moja kwenye rimu zake. Kazi ni jeki na nati tu. Wewe una rimu nne. Tairi lazima ling'olewe kwenye rimu kwa mashine, kisha libalansiwe, kwa hiyo nenda kwa fundi. Ukishaendesha kilomita 50 hivi, kagua tena nati kama zimekaza. Hiyo fanya mwenyewe uani.