Jeni za Kirusi na Ukali wa Ugonjwa kwa Vyura

Masika haya, wakati madimbwi ya mashamba ya mpunga katika bonde la mto Lukuledi yamejaa viluwiluwi, tunawaomba wananchi wa Lindi na Mtwara waufahamu ugonjwa wa ranavirusi, ambao umekwisha kuua vyura na salamanda (jamaa wa vyura wenye mkia) katika mabara kadhaa, na ambao Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuorodhesha miongoni mwa magonjwa yanayopaswa kutolewa taarifa. Chura aliyeugua hulegea na kuvimba, damu huvilia chini ya ngozi ya tumbo na mapaja, na ndani ya mwili ini, wengu na figo huharibika.

Hata hivyo, kukuta kirusi dimbwini hakutoshi kueleza vyura wangapi watakufa, kwa kuwa ukali wake hutegemea sana jeni kilizobeba. Kirusi FV3, kinachojulikana zaidi katika kundi hili, kina jeni zipatazo 98, na baadhi yake hukisaidia kuzima kinga ya mnyama. Seli ya chura inapohisi kwamba imevamiwa, kimeng'enya kiitwacho PKR husimamisha utengenezaji wa protini, kama mwenye mashine ya kusaga anavyozima injini ili mwizi asisage mahindi ya wizi. Kirusi nacho hutumia jeni iitwayo vIF-2α, ambayo protini yake hufanana na sehemu ya seli inayolengwa na PKR, na hivyo kukipotosha kimeng'enya hicho.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walieleza kwamba FV3 iliyoondolewa jeni hiyo iliua viluwiluwi wachache zaidi wa Xenopus laevis, chura wa Afrika anayetumiwa sana maabara. Jambo hili lina uzito wa pekee, kwani ndani ya FV3 jeni hiyo kwa asili ni kipande tu, na hata hicho huongeza ukali. Kirusi RCV-Z, kilichopatikana kwa viluwiluwi wa vyura wakubwa wa Marekani, kinayo jeni nzima, nacho huwaua viluwiluwi hao kwa wingi kuliko FV3.

Umri wa mnyama nao una nafasi yake: Xenopus mzima mwenye afya kwa kawaida hupona, ilhali viluwiluwi hufa kwa urahisi. Binadamu hana sababu ya kuhofu, maana ranavirusi hushindwa kuzaliana katika joto la mwili wetu.

Msihamishe viluwiluwi wala maji kutoka dimbwi moja hadi jingine, na nyavu na mabuti yaoshwe na kukaushwa juani kabla ya kutumika kwingine. Mkiona vyura wengi wamekufa kwa pamoja, mjulisheni mapema afisa mifugo au afisa maliasili wa halmashauri, kabla mizoga haijaoza, kwa sababu jeni za kirusi husomwa kutokana na vipande vya ini na figo vilivyo bado vibichi.