Majivu ya volkano si jivu

Juzi nilisimama Mikindani kwenye kisima kinachochimbwa. Udongo mwekundu ulikatika, likaja tabaka jeupe, laini kama unga wa muhogo. Fundi akalipapasa, akasema, "Mwalimu, hapa paliwahi kuwaka. Haya ni majivu ya volkano." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno mwaka huu, nikaona niandike.

Majivu ya volkano ni vumbi la mwamba na chembe za kioo, ndogo kuliko milimita 2, zinazorushwa volkano inapolipuka. Hubebwa na upepo, hutua, hufunikwa. Basi.

Linalotupoteza ni neno lenyewe. Jivu kwetu ni kile kinachobaki kitu kikiungua. Wanyarwanda husema ivu. Sisi tuna jivu, na humo ndimo ilimotoka rangi ya kijivu. Wagiriki nao walikuwa na tephra, yaani jivu, na mwaka 1944 mtaalamu wa Aisilandi, Sigurður Þórarinsson, akalichukua neno hilo kwa vitu vyote vinavyorushwa na volkano. Kwa hiyo si sisi peke yetu tuliodanganywa na rangi. Lakini volkano haichomi kuni. Gesi iliyobanwa ndani ya uji wa mwamba hutanuka ghafla na kuurarua uji vipande vipande, navyo hupoa haraka kiasi kwamba vinabaki kioo. Jivu la jikoni, lile tunalochanganya na kunde zisibunguliwe, ukilisugua kwa maji linateleza kama sabuni. La volkano linakwaruza.

Na kwa kuwa ni kioo, linatunza asili yake. Kila mlipuko una mapishi yake: silika, yaani madini ya mchanga, kiasi hiki, chuma kiasi kile, potasiamu kidogo au nyingi. Wataalamu hukipiga kipande kimoja kwa miale ya elektroni, wakayasoma mapishi, wakatafuta mlima unaolingana nayo. Ndivyo ilivyojulikana mwaka 2013 kwamba chembe zilizochujwa kwenye matope ya chini ya Ziwa Nyasa, ambazo kwa macho huzioni kabisa, zilitoka Toba, volkano iliyo katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kilomita kama 7,000 kutoka hapo, katika mlipuko wa miaka 74,000 hivi iliyopita. Ni ziwa lile lile tunalolifikia kwa barabara ya Mbamba Bay. Mlima Rungwe uko jirani yake, nao umewahi kulimwagia majivu yake mwenyewe, lakini chembe zile hazikuwa zake. Kwa hiyo hata ukiyakuta majivu ya kweli, bado hujajua mlima uliolipuka uko wapi.

Pale kisimani nilikamulia ndimu bonge moja la ule udongo mweupe. Likachemka, likatoa povu. Kioo hakifanyi hivyo. Ni chokaa ya matumbawe, fundi wangu; hapa palikuwa bahari, hapakuwaka.