Nikikupa fomula ya impidansi, yaani ukinzani wa sakiti kwa umeme unaobadilikabadilika, utaweza kuijengea sakiti?

Chuoni wengi tunasoma upande mmoja tu, unapewa sakiti ya rezista, koili na kapasita, unatafuta impidansi, umemaliza. Ila utamu wa hii hesabu uko kwenye swali la kinyume: nakupa Z(s) peke yake (Z ni impidansi, s ni namba changamano inayobeba frikwensi ya umeme), nijengee sakiti yake, na ndani kusiwe na betri wala transista.

Si kila fomula inakubali. Mwaka 1931 Otto Brune, mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa anasoma chuo cha MIT kule Marekani, alithibitisha sharti lenyewe: s ikiwa namba halisi na Z iwe halisi, na kila sehemu halisi ya s ikiwa chanya basi sehemu halisi ya Z isiwe hasi. Kwa lugha ya fundi, sakiti haiwezi kutoa nishati kuzidi iliyoingia.

Chukua Z = (s²+s+1)/(s²+s+4). Weka s = jω (j ni √−1, ω ni frikwensi) halafu kokotoa taratibu, sehemu halisi inatoka (ω²−2)² ikigawanywa kwa kitu chanya, yaani inashuka mpaka inagusa sifuri pale ω = √2 halafu inapanda tena. Sasa hiyo s ya chini ifanye 0.5s uone, palepale inakuwa hasi, hapo hakuna fundi wa kukujengea.

Hiyo ya kwanza inajengeka ila inasumbua kweli. Pale ω = √2 inafanya kazi kama koili tupu ya henri 0.5, huwezi kuitoa hata rezista ndogo kwa sababu ukinzani utaenda hasi. Brune aliitoa hiyo koili, mbele ikamzalia koili yenye thamani hasi, akaimeza ndani ya transfoma ambayo koili zake zimeshikana kisumaku asilimia 100, kitu ambacho huwezi kukisuka kwa waya halisi.

Mwaka 1949 Raoul Bott na Richard Duffin, wakiwa chuo cha Carnegie kule Pittsburgh, wakaifuta transfoma kabisa. Unatafuta namba chanya k ambayo Z(k) = 0.5k, kwa mfano wetu ni k = 1 maana Z(1) = 3/6, kisha unaunda R(s) = (Z − 0.5s)/(0.5 − sZ). R nayo inatimiza sharti la Brune, na inakuwa sifuri palepale ω = √2, kwa hiyo unaanza kuchomoa koili na kapasita za kawaida. Kwangu mimi hii ndo hesabu nzuri kuliko zote kwenye fani yetu.

Bei yake sasa: koili na kapasita 6 pamoja na rezista 2, kwa fomula ya digrii ya pili ambayo ungedhani koili moja na kapasita moja zinatosha! Miaka ya 1950 watu wakapunguza hadi 5 kwa kuunganisha vifaa kama daraja, lakini ukibaki na mfululizo na sambamba tu, Hughes na Smith walionyesha mwaka 2014 kwamba kwa fomula za aina hii chini ya 6 haiwezekani.