Sekunde ya kwanza ya pumzi

Katika kliniki yangu ya magonjwa ya kifua, wagonjwa wengi hufika wakiwa tayari wamepewa jina la ugonjwa. Huyu ameambiwa ana pumu, yule ana mkamba, na mwingine ameanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili ingawa makohozi yake safari hii hayakuonyesha vimelea. Wote wamesikilizwa kifua na wengi wamepigwa picha, lakini ni wachache mno waliowahi kupuliza kwenye spirometa, mashine ya kupima pumzi. Ni sawa na kumtibu mtu shinikizo la damu kwa miaka kumi pasipo kumfunga mkono mashine ya presha hata mara moja.

Spirometri hupima mambo mawili ya msingi: hewa yote ambayo mtu anaweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza mapafu, na kiasi cha hewa hiyo kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Mtu mzima mwenye mapafu yenye afya hutoa robo tatu hivi, au zaidi, ndani ya sekunde hiyo moja. Njia za hewa zikiziba, hewa hutoka kwa kusuasua na uwiano huo hushuka. Mapafu yakikakamaa, kama yanavyoweza kukakamaa kwa mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba kwa miaka mingi katika mashimo ya tanzanaiti huko Mererani, hewa yote hupungua lakini uwiano unaweza kubaki mzuri. John Hutchinson alipotangaza spirometa yake London mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, alipima ujazo peke yake; suala la sekunde lilikuja karne moja baadaye, kwa kazi ya Mfaransa Robert Tiffeneau.

Nieleze habari za mama mmoja wa miaka 58, ambaye nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Hajavuta sigara maishani mwake. Amepikia kuni tangu akiwa msichana, katika jiko la mafiga lililo ndani ya chumba chenye dirisha moja, na aliwahi kuugua kifua kikuu akatibiwa akapona. Kwa miaka sita alikuwa akitibiwa pumu, akipewa vidonge kila alipozidiwa, na kila msimu wa mvua alirudi akihema vilevile. Kabla ya yote tulipima makohozi yake kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, kwa kuwa mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hai hapaswi kupuliza kwa nguvu ndani ya chumba kidogo. Majibu yalipotoka safi, nilimwamkia, nikamketisha wima, nikamwomba alegeze khanga aliyojikaza kiunoni.

Pumzi yake ya kwanza haikufaa, na sababu yake nimeiona mara nyingi kwa wanawake waliozoea kuni: alipuliza kama anayefufua moto, mashavu yamevimba, pumzi nyembamba, ndefu, ya uangalifu. Mashine inataka kinyume chake. "Mama, hapa hatuwashi moto," nilimwambia, "itoe kwa kishindo kama chafya, halafu usiniachie mpaka nikuambie basi." Akacheka, akakohoa, akajaribu tena. Ya pili alivuta pumzi nusu tu, na ya tatu midomo ilivuja pembeni. Ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa nzuri, nami nilikuwa nimesimama kando yake nikihimiza "endelea, endelea, endelea" hadi sauti ikanikauka.

Nimelikazia hili kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo kipimo kinapoharibikia. Tunahitaji angalau pumzi tatu zinazokubalika, na kwa mtu mzima majaribio yasizidi manane. Ujazo wa zile mbili kubwa usitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Mashine nayo hukaguliwa kwa bomba la lita 3, na isiposoma kati ya lita 2.91 na 3.09 haistahili kuaminiwa siku hiyo. Karatasi yenye tarakimu nzuri zilizotokana na pumzi mbovu ni hatari kuliko kukosa karatasi kabisa, maana daktari atakayeisoma mbele hakuwamo chumbani.

Hewa yote ya mama huyu ilikuwa lita 2.00, na sekunde ya kwanza ilitoa lita 1.05, yaani uwiano wa 0.53. Mchoro wa pumzi yake uliotolewa na mashine, badala ya kuteremka karibu na mstari mnyoofu, ulibonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea. Tukampa salbutamoli ya kuvuta, dawa inayofungua njia za hewa, tukasubiri dakika 15, akapuliza upya: lita 1.12 kati ya 2.06. Ongezeko la mililita 70 ni dogo. Ili isemwe kwamba dawa imefungua njia za hewa, kigezo kilichotumika kwa muda mrefu kilidai ongezeko la asilimia 12 pamoja na mililita 200. Kipya cha mwaka 2022 kinadai zaidi ya asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu mwenye afya, na hakufikia hata kimoja. Uwiano wake ulibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa. Ukijumlisha moshi wa kuni na makovu yaliyoonekana kwenye picha ya kifua, huu ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na vidonge vile vya kila msimu vilikuwa vikimwongezea madhara kuliko nafuu.

Ukali wa ugonjwa ni swali lingine, na jibu lake linaniudhi kila nikilifikiria. Mashine humlinganisha mgonjwa na mtu mwenye afya wa umri, jinsia na kimo chake, na nyingi huuliza pia asili yake. Mama huyu akiingizwa kama mzungu, sekunde yake ya kwanza ilitarajiwa iwe lita 2.35 hivi, naye ana asilimia 48: ugonjwa mkali. Akiingizwa kama mweusi, kiwango hushuka hadi kama lita 2.00, naye anapanda hadi asilimia 56: ugonjwa wa wastani. Mapafu ni yaleyale. Desturi ya kumpunguzia mtu mweusi kiwango ina mizizi mibaya. Samuel Cartwright, daktari aliyetetea utumwa kusini mwa Marekani, alidai mwaka 1851 kwamba mapafu ya watumwa yana upungufu wa asilimia 20. Milinganyo ya kimataifa ya 2012, yaani hesabu za kukadiria kiwango hicho kinachotarajiwa, ilikuwa na kundi la watu weusi, lakini wengi wao walikuwa Wamarekani, na takwimu za Afrika kusini mwa Sahara hazikutosha. Tangu 2023 wataalamu wa Marekani wanapendekeza mlinganyo mmoja usiouliza rangi, nami ndio ninaoutumia, huku nikiandika kwenye karatasi ni upi uliotumika.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mwenye pumu anaweza kupuliza vizuri kabisa siku ambayo kifua hakijambana, kwa hiyo majibu mazuri ya siku moja hayamwondolei ugonjwa. Huyo nampa kile kipimo kidogo cha mkononi cha kasi ya pumzi, akiandike asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Vilevile, hewa yote ikipungua peke yake, spirometri hutia shaka tu kwamba mapafu yamesinyaa, na uthibitisho huhitaji mashine kubwa ambazo kwetu ni adimu.

Anayekuja kupimwa asitumie pampu ya salbutamoli kwa saa nne hadi sita kabla, iwapo anaweza kustahimili, na asije akiwa ameshiba sana. Aliyepata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni aseme mapema, ili tuahirishe. Na kama amewahi kupimwa, aje na karatasi ya zamani. Mama yule huja nazo tatu, amezikunja ndani ya pindo la khanga: 1.12, 1.13, 1.10.