Je, wajua kwa nini kampuni ya basi hufa polepole, lakini shirika la ndege hufa usiku mmoja?

Msafiri wa Mbeya anajua kampuni ya basi inavyokufa. Kwanza magari mapya yanaacha kununuliwa. Halafu basi la alfajiri linaondolewa kimyakimya na abiria wake wanasukumiwa la saa mbili. Baada ya miezi kadhaa unaliona gari lile lile stendi ya Nane Nane, limepigwa rangi nyingine na lina jina la tajiri mwingine. Ukiwauliza wapiga debe kampuni ilikufa lini, kila mmoja atakutajia mwaka wake.

Shirika la ndege halina kifo cha namna hiyo. Leo jioni linauza tiketi za mwezi ujao, kesho asubuhi umefika uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, na begi lako na kaunta haina mtu. Nyanda za Juu Kusini zimeyaona haya. Uwanja wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012, ukachukua nafasi ya uwanja wa zamani wa mjini ambao ndege kubwa za jeti zisingeweza kuutumia. Novemba 2013 Fastjet, shirika la bei nafuu, ikaanza kuleta ndege za jeti aina ya Airbus A319 kutoka Dar es Salaam, na nauli ya kuanzia iliyotangazwa ilikuwa Sh32,000 kabla ya kodi na tozo. Safari ya kilomita zaidi ya 800 kwa barabara, mlima Kitonga ukiwemo, iligeuka kuwa ya saa moja na dakika chache. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Miaka mitano baadaye, Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliipa kampuni hiyo notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni na ukosefu wa ndege. Safari zikakoma msimu uleule wa sikukuu ambao watu huwa wameshakata tiketi mapema.

Mitaani maelezo yalikuwa mawili: wawekezaji wamekimbia, au serikali imewafukuza ili kuilinda Air Tanzania iliyokuwa inafufuliwa. Sioni kama moja kati ya hayo linatosha, kwa sababu mashirika ya aina hiyo yamekufa vilevile katika nchi ambazo hazina shirika la serikali la kulinda. Sababu imo ndani ya biashara yenyewe, na inaanza na pesa ya tiketi.

Abiria wa basi kwa kawaida hulipa leo au jana yake, na fedha hiyo hujaza mafuta ya safari hiyohiyo. Abiria wa ndege hulipa wiki au miezi kabla. Ukikata tiketi ya Desemba mwezi Septemba, umelikopesha shirika pesa kwa miezi mitatu, bila riba na bila dhamana. Shirika lenye afya huiweka akiba. Shirika lililobanwa huitumia mara moja: pesa yako ya Desemba inalipa mafuta ya Septemba, na Desemba ikifika utasafirishwa kwa pesa ya yule anayekata tiketi ya Machi. Gurudumu hilo linaweza kuzunguka miaka mingi mradi tu kila mwezi wapatikane wakataji wapya. Wakipungua kwa wiki mbili tu, gurudumu linasimama.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini shirika huficha hali yake hadi siku ya mwisho. Watu hukasirika kwamba shirika liliuza tiketi hadi usiku wa mwisho, na wana haki ya kukasirika. Lakini fikiria lingetangaza, "Tuna matatizo, huenda tukafunga mwezi ujao." Hakuna ambaye angekata tiketi kesho yake. Benki zinazopitisha malipo ya kadi zingezuia fedha za tiketi mpaka abiria awe amesafiri, maana shirika likifunga, ndizo zitakazodaiwa zirudishe. Muuza mafuta angetaka taslimu kabla ya bomba kuunganishwa kwenye bawa. Viwanja vya ndege vingedai ada zote kabla ndege haijaruka. Tangazo lenyewe lingeliua shirika saa hiyohiyo. Kwa hiyo wakurugenzi wanaendelea kutabasamu, wanatafuta mwekezaji, na siku anapokataa wanafunga. Oktoba 2, 2017 Monarch ya Uingereza ilifunga alfajiri ikiwa na watu wapatao 110,000 nje ya nchi. Machi 28, 2019 WOW air ya Iceland ilifanya hivyohivyo, na wengine waliipata habari wakiwa tayari wako uwanjani.

Jambo la pili ni umiliki. Tajiri wa mabasi ana kadi za magari yake, au walau anamalizia mkopo wake. Mambo yakimwendea vibaya anauza gari moja, analipa deni, anabaki na manne. Mashirika mengi ya bei nafuu hayana ndege. Wanazikodi kwa mwezi, kwa dola, kutoka kampuni za Ulaya na kwingineko ambazo kazi yao ni kukodisha ndege tu. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Cape Town mwaka 2001, ambao Tanzania nayo imo, unamrahisishia mwenye ndege kuichukua pale kodi isipolipwa. Kwake kuiacha wiki moja zaidi ni hatari, kwa sababu mdai mwingine anaweza kuikamata uwanjani. Akisikia harufu tu ya kufilisika anatuma marubani waje kuiondoa, na shirika lisilo na ndege halistahili kuwa na cheti cha uendeshaji. Bila cheti, hata ukiazima ndege ya jirani huwezi kubeba abiria kwa jina lako.

Sasa tuje kwenye bei nafuu yenyewe, kwa sababu wengi hudhani Sh32,000 ilikuwa ni uongo wa matangazo. Haikuwa uongo. Ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ina masharti magumu. Ndege iwe ya aina moja ili marubani na mafundi wasihitaji mafunzo ya aina mbili. Ikitua, abiria washuke, wengine wapande, na iruke tena ndani ya nusu saa hivi. Iruke tangu alfajiri hadi usiku. Ijae. Begi, chakula na kubadilisha tarehe vilipiwe pembeni. Viti vichache vya mwanzo viuzwe kwa bei ya kutupa ili jina lisambae, na anayekata tiketi siku mbili kabla ya safari alipe mara nyingi zaidi. Aliyefiwa Kyela na anatakiwa Dar kesho yake hakuwahi kuiona Sh32,000.

Masharti hayo ukiyaleta Nyanda za Juu Kusini yanaanza kugongana na nchi yenyewe. A319 ya Fastjet ilikuwa na viti zaidi ya 150. Ijumaa na Desemba vitajaa: wafanyabiashara wanaokwenda Kariakoo, watumishi, wanafunzi, wagonjwa wa rufaa. Jumanne ya Februari je? Mkulima wa parachichi wa Njombe au wa mpunga wa Kyela ana pesa baada ya mavuno, na mzigo wake hauingii kwenye begi la kilo 20. Abiria wa Iringa na Makambako hawafuati ndege Songwe, maana wakielekea huko wanarudi nyuma, na basi la Dar linapita mlangoni kwao. Uwanja wa Nduli pale Iringa kwa miaka mingi ulitua zaidi ndege ndogo tu, na ndege ya abiria kumi na wachache haiwezi kutoza nauli ya basi hata mwenyewe akiwa mtakatifu.

Kuna na ukungu. Anayeishi Mbalizi, jirani na uwanja wa Songwe, hahitaji kuelezwa. Ndege ya asubuhi ikishindwa kutua Songwe inarudi Dar au inakwenda kusubiri kwingine. Kwa shirika lenye ndege nyingi, hiyo ni safari moja iliyoharibika. Kwa shirika lenye ndege mbili au tatu, ndege hiyohiyo ilikuwa itoke Mbeya, irudi Dar, iende Mwanza, irudi, halafu iende Kilimanjaro. Ukungu wa Songwe unafuta safari ya abiria aliyekaa Mwanza kwenye jua kali, naye anadai hela yake. Mapato ya siku nzima yameondoka kabla ya saa nne asubuhi. Uwanja huo tena uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hasa jua likishapanda, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi ili inyanyuke na mzigo uleule. Njia ya kurukia ya Songwe imejengwa ndefu, na urefu huo ni sehemu ya dawa.

Lakini adui mkubwa, kwa maoni yangu, alikuwa dola. Kodi ya ndege, vipuri, bima na sehemu kubwa ya matengenezo hulipwa kwa dola, na bei ya mafuta nayo inaifuata dola. Abiria wa Mbeya analipa shilingi. Fastjet ilipoanza, Sh32,000 ilikuwa sawa na dola 20. Mwishoni mwa 2018, dola moja ikiwa karibu Sh2,300, Sh32,000 ileile ilikuwa haifiki dola 14. Karibu theluthi ya mapato kwa dola imeyeyuka bila mtu yeyote kushusha nauli. Ukipandisha bei kufidia, abiria anarudi Nane Nane. Usipopandisha, unaruka kwa hasara. Ndiyo maana ndege zenyewe zilikuwa zinapungua ukubwa: kutoka A319 zikaja Embraer za viti mia hivi, kisha ATR zenye mapangaboi na viti sabini hivi. Novemba 2018 kampuni mama ikauza hisa zake za Tanzania kwa wawekezaji wa ndani, na mwezi uliofuata ikaja notisi ya TCAA. Fastjet ya Zimbabwe iliendelea kuruka.

Na dalili zilikuwepo tangu mwanzo kwa aliyetaka kuziona. Novemba 2012, mwezi ambao Fastjet ilirusha ndege yake ya kwanza Dar es Salaam, mashirika mawili ya ukanda huu yalisimama. 1time ya Afrika Kusini ilifunga Novemba 2 kwa madeni. Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari mwezi huohuo, na kisa chake kinafundisha zaidi: ilikuwa na abiria, na pesa ilikuwepo, ila imekwama Juba kwa sababu Sudan Kusini haikuwa na dola za kuitoa. Shirika linaweza kuwa na mali kwenye vitabu na bado likashindwa kulipia mafuta ya kesho.

Vipi Air Tanzania, ambayo nayo imepata misukosuko? Desemba 2008 TCAA iliichukulia cheti chake cha uendeshaji, ikakaa chini hadi Januari 2009. Baadaye ikadhoofika sana, na kuanzia 2016 ikafufuliwa kwa ndege mpya. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilionyesha hasara ya Sh91.8 bilioni kwa mwaka wa fedha 2023/24, kutoka Sh56.6 bilioni za mwaka uliotangulia, na miongoni mwa sababu ni Airbus A220 zilizokaa chini kwa tatizo la injini. Shirika binafsi lenye hesabu hizo lingekuwa limeshafungwa. Tofauti ni kwamba ndege za Air Tanzania zinamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na mwenye mali hawezi kuja usiku kuziondoa, kwa kuwa mwenye mali ni huyohuyo mwenye shirika. Hasara haijatoweka hapo. Imehamia kwa mlipakodi, wakiwemo wa Rungwe na Mbozi ambao hawajawahi kupanda ndege. Unaweza kuona ni gharama halali ya kuunganisha nchi. Mimi naona hivyo kwa kiasi, mradi itajwe waziwazi.

Huko ughaibuni nako bahati ya mashirika nafuu imegeuka. Spirit ya Marekani, iliyokuwa mfano wa nauli ya chini kabisa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Novemba 2024, ikarudi mahakamani tena Agosti 2025. Sehemu ya kilichoiumiza ni kwamba mashirika makubwa ya huko, Delta, United na American, nayo yameanza kuuza viti vya bei ya chini vilivyopunguzwa huduma, ndani ya ndege zilezile zenye abiria wa daraja la juu wanaolipia gharama. Ryanair ya Ireland imestawi kwa kununua ndege nyingi za aina moja kwa mpigo na kwa bei ya jumla. Kwa makadirio ya mwaka 2025 ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, faida ya mashirika duniani ni wastani wa dola kama 7 kwa abiria. Afrika ni dola moja hivi. Safari moja iliyorudi kwa ukungu inakula faida ya ndege nyingi zilizojaa.

Kwa anayetaka kujilinda, dalili huonekana kabla. Ndege inabadilishwa kuwa ndogo. Safari mbili za siku moja "zinaunganishwa". Marejesho ya fedha yaliyokuwa yakichukua wiki yanachukua miezi. Halafu ghafla inakuja ofa kubwa ya tarehe za mbali sana: shirika linatafuta pesa ya leo kwa ahadi ya kesho kutwa. Njia ya malipo nayo ina uzito. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe malipo kwa huduma ambayo haikutolewa. Aliyelipa kwa simu, kama wengi wetu tunavyofanya, pesa imeshafika kwa muuzaji, na shirika likifilisika anaingia kwenye foleni ya wadai, nyuma ya wenye dhamana. Malalamiko yanapokelewa TCAA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ukiiona nauli ya kutupa kwenda Dar, ichukue tu, ila iwe ya safari ya wiki ijayo, na tiketi ya kurudi uikate ukiwa umeshafika.