Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa udaktari huikwepa fani ya maradhi ya akili?

Zamu ya wanafunzi wa udaktari kwenye maradhi ya akili ni ya wiki chache. Katika hospitali kama Kidongo Chekundu hapa Unguja, watakaowakuta wodini ni waliozidiwa: asiyelala usiku kucha, anayejibizana na sauti, aliyerudishwa tena baada ya kuacha dawa. Waliopata nafuu hawaonekani wodini. Wako makwao, wanavua, wanauza Darajani, wanasomesha. Mwanafunzi hutoka akiamini maradhi haya hayatibiki. Watafiti Patricia na Jacob Cohen walilieleza kosa hili mwaka 1984: daktari hukutana zaidi na wanaoumwa muda mrefu, akadhani wagonjwa wote ndivyo walivyo.

Kikundi cha wanafunzi wenyewe, cha kujifunza maradhi ya akili, kinaweza kuliziba pengo hilo. Humwalika mtu aliyewahi kulazwa na sasa yuko kazini, akubali kwa hiari yake, akaulizwa maswali. Tafiti za unyanyapaa zimeonyesha kuwa kwa watu wazima, kukutana naye hivyo hubadilisha fikra kuliko mhadhara.

La thamani zaidi, kwangu mimi, ni maigizo ya jioni. Chukua mfano: mmoja ni mama kutoka Micheweni, kijana wake hali wala halali, na ameshamnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani. Anayecheza daktari anaanza kwa kukemea kombe. Mama ananyamaza, na historia ya ugonjwa imeishia hapo. Anaingia wa pili: "Pole mama. Usingizi ulimpotea lini? Na baada ya kombe mliona nini?" Mama anaeleza yote, hadi bangi anayovuta kijana, jambo alilomficha mumewe. Heri ukosee mbele ya wenzako kuliko mbele ya mama huyo.

Yapo pia maswali ambayo mtu hamuulizi bingwa. Nyumbani wakisema "utakuwa daktari wa wendawazimu?" nijibu nini? Baada ya miaka 5 ya shahada na 1 ya mafunzo kazini, nitaimudu miaka 3 mingine ya umahiri Dar es Salaam, Muhimbili? Aliyetangulia darasa moja tu huulizwa bila kuonewa haya.

Vikundi hivi hufa viongozi wakihitimu. Apatikane mhadhiri mlezi mapema, na wa mwaka wa pili wakabidhiwe kazi halisi: kualika wageni, kuchagua kisa cha kujadili, kuongoza kikao huku wa mwaka wa tano bado wapo.